Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na NHIF: CT-Scan tunazo, zitumike kupanga upasuaji wa kujenga upya titi

Kwa: Waziri wa Afya; Katibu Mkuu, Wizara ya Afya; Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya; na Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa na kanda.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na habari za kazi kwa wengine.

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika chumba cha CT-Scan cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Siombi mashine. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua barua nyingi zinazotua mezani kwenu huishia kwenye orodha ya vifaa. Mashine tunazo. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilinunua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Ninachoomba ni maamuzi machache, karibu yote ya kalamu na karatasi, ili mashine hizo zimfae pia mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani na anayetaka kujengewa jingine.

Niwaeleze kwanza upasuaji wenyewe, maana si wote mnaosoma barua hii mmesimama thieta.

Titi linaweza kujengwa upya kwa pandikizi la silikoni, njia iliyoanzia Houston, Marekani, mwaka 1962. Linaweza pia kujengwa kwa nyama ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mtaliano Iginio Tansini alitumia msuli mpana wa mgongo tangu mwaka 1906. Mwaka 1982 Carl Hartrampf na wenzake wakaeleza njia ya kuchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu pamoja na msuli wa tumbo, na hiyo ndiyo madaktari wanaiita TRAM. Kisha mwaka 1989 Wajapani Koshima na Soeda wakaonyesha kwamba ngozi na mafuta yale yanaweza kuishi bila kuchukuliwa msuli, ilimradi vishipa vya damu vinavyoupenya msuli vichambuliwe kimoja kimoja na kutolewa vikiwa vizima. Mwaka 1994 Allen na Treece wa Marekani wakaupeleka ujuzi huo kwenye kujenga titi. Upasuaji huo unaitwa DIEP.

Kwa wanawake wetu tofauti ya TRAM na DIEP ni kubwa. Aliyetolewa msuli wa tumbo anaweza kubaki na tumbo dhaifu, lililotuna upande mmoja, wakati mwingine na ngiri. Mtu anayefanya kazi ya kukaa mezani ataishi nalo. Mama anayelima kwa jembe la mkono, anayeinama kufua, anayejitwisha ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, msuli ule ndio ajira yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema DIEP ni upasuaji wa nchi tajiri. Anayeuhitaji msuli wa tumbo kuliko wote ni mwanamke wa kijijini.

Ugumu wa DIEP uko kwenye vile vishipa. Mshipa mkubwa unaovilisha unatokea kinenani, unapanda nyuma ya msuli wa tumbo, halafu unatoa vitawi vinavyoupenya msuli na kutokeza kwenye mafuta ya kuzunguka kitovu. Vitawi hivyo havifanani kati ya mwanamke na mwanamke. Hata kwa mwanamke mmoja, upande wa kulia si nakala ya kushoto. Tangu mwaka 1988, Moon na Taylor walipochora namna tatu kuu za mgawanyiko wa mshipa huu, hilo halina ubishi. Mmoja ana kishipa kinene cha milimita mbili kinachopita moja kwa moja. Mwingine ana vitano vyembamba vinavyojikunjakunja ndani ya msuli, na kila kimoja ni kazi ya saa nzima kukitoa salama. Daktari asiye na picha anagundua ameangukia yupi wakati tumbo limeshafunguliwa. Ni kama fundi anayevunja ukuta mzima akitafuta bomba.

Mwaka 2006 Jaume Masia na wenzake wa Barcelona, na timu nyingine ya Pamplona mwaka huo huo, walichapisha matokeo ya kumpiga mgonjwa CT ya mishipa kabla ya upasuaji ili kishipa kichaguliwe kwenye kioo cha kompyuta badala ya kutafutwa thieta. Wengi waliofuata wamepata jambo lile lile: muda wa upasuaji unapungua, mara nyingi kwa saa moja au zaidi, na sehemu za mafuta zinazokufa baadaye kwa kukosa damu zinapungua pia. Mwaka 2017 mwongozo wa kimataifa wa ERAS, yaani wa kumsaidia mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji, kuhusu ujenzi wa titi ulipendekeza kwamba panapohitajika ramani ya mishipa, CT ndiyo itumike.

Saa moja. Kwa hospitali yenye thieta kumi na tano huenda hilo ni suala la gharama tu. Kwetu, thieta hiyo hiyo inasubiriwa na mjamzito aliyekwama na kijana wa bodaboda mwenye mguu uliovunjika vipande. Upasuaji wa saa nane ukishuka hadi saa saba au sita, kuna mtu mwingine anayeingia. Nawaomba mnaopanga ratiba za thieta mlione hilo kabla hamjaona gharama ya kipimo.

Kipimo chenyewe kikoje? Nieleze kama ninavyokifanya, maana nafikiri woga wa mambo haya unatokana na kudhani ni sayansi ya roketi.

Mama anakuja na majibu ya kreatinini, ili tujue figo zake zitaimudu kontrasti, dawa ya sindano inayoifanya mishipa ing'ae kwenye picha. Tunamuuliza kuhusu mzio na pumu. Tunamwekea kanula ya kijani, ile nene, kwenye mkono wa upande ambao hakufanyiwa upasuaji, kwa sababu mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapa huvimba kirahisi na hauhitaji kuchokonolewa. Anavua kila kinachobana tumbo. Hapa pana jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa Ulaya nilioupata: akina mama wetu huingia na khanga iliyofungwa mkaja chini ya gauni, na wengine wana shanga. Khanga ikibaki inaminya mafuta na vishipa vilivyo juu juu, na picha inatoka imebanwa mahali hasa tunapopahitaji. Basi dada wa zamu anamtoa pembeni, wanaelewana kwa faragha, inafunguliwa.

Analala chali, vile vile atakavyolala thieta. Mikono tunataka iwe juu ya kichwa, lakini wengi waliopita kwenye mionzi mkono mmoja haupandi. Tunaweka mto, tunangoja, hatulazimishi. Pampu inasukuma kontrasti, takribani mililita 100, kwa kasi ya mililita 4 kila sekunde. Anahisi joto linashuka mwilini hadi anadhani amejikojolea. Tunamwambia mapema asishtuke. Mashine inavizia dawa ifike kwenye mshipa wa paja, ikifika tu inapiga kutoka kinenani kupanda hadi juu ya kitovu. Sekunde chache, pumzi moja iliyoshikiliwa. Kisha anakaa dakika 30 tukimwangalia, na anaambiwa anywe maji ya kutosha.

Baada ya hapo kazi inahamia kwenye kompyuta. Tunazikata picha kwa unene wa milimita moja au chini yake, tunaziunganisha upya, na kitovu tunakifanya sifuri. Kila kishipa kinapata anuani yake: sentimita tatu kushoto kwa kitovu, sentimita moja chini, unene milimita 1.8, njia fupi ndani ya msuli. Daktari anachukua karatasi hiyo, rula na kalamu ya wino usiofutika, anaweka alama kwenye tumbo la mgonjwa kabla ya usingizi. Picha hizo hizo zinaonyesha kama kovu la operesheni ya uzazi limeharibu kitu. Kovu la ulalo la chini mara nyingi huiacha mishipa ya ndani salama. Kovu la wima kutoka kitovu kushuka ni habari nyingine, kwa sababu linakata njia ya damu kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na daktari anatakiwa ajue kabla kwamba huenda nusu tu ya tumbo ndiyo ya kutumainiwa. Kwa wanawake wetu, ambao wengi wamefunguliwa tumbo kwa uzazi, fibroidi au kufunga kizazi, sioni kwa nini swali hilo liachwe lijibiwe na kisu.

Sasa nifike kwenye kero, nikianza na ile inayoniudhi kuliko zote.

Mashine zetu hupiga picha nyembamba, lakini zinazotoka nje ya chumba ni nene. Kwa mazoea, mgonjwa anachapiwa filamu za vipande vya milimita 5, picha ishirini kwenye karatasi moja nyeusi, anapewa bahasha kubwa ya kaki, anapanda basi. Picha nyembamba zinabaki kwenye kompyuta ya mashine, na diski ikijaa zinafutwa zenyewe ili kupisha wagonjwa wapya. Kwenye kipande cha milimita 5 kishipa cha milimita 1.5 kinapotea kabisa, au kinaonekana kama doa lisilo na mwanzo wala mwisho. Nimempokea mama aliyetoka hospitali nyingine na bahasha ya namna hiyo, amepigwa CT kamili ya kifua na tumbo miezi michache kabla. Filamu hazikutufaa. Tulipopiga simu, picha nyembamba zilikwisha futwa. Akapigwa upya: hela mara ya pili, kontrasti mara ya pili kwenye figo zilizokwisha chakazwa na dawa za saratani, mionzi mara ya pili. Siitaji hospitali hiyo kwa sababu hata sisi tungeweza kumfanyia mtu hivyo, na ukitembelea vyumba vya CT nchini utakuta mazoea ni hayo hayo.

Hesabu yake inasikitisha ukiipiga. Picha moja ya CT ni nusu megabaiti. Seti nyembamba ya tumbo ikiwa na picha 600 ni megabaiti 300, inaenea kwenye CD moja ya kawaida na nafasi inabaki. Diski ya nje ya terabaiti moja, inayouzwa duka lolote la kompyuta Kariakoo, inabeba seti za wagonjwa zaidi ya 3,000. Tunamrudisha mgonjwa wa saratani kwenye meza ya CT kwa kukosa diski!

Ombi langu la kwanza kwa Wizara ni waraka. Ukurasa mmoja unatosha: kila mgonjwa wa saratani ya titi aliyepigwa CT yenye kontrasti, picha zake nyembamba zihifadhiwe, naye apewe nakala kwenye CD au flashi, kando ya filamu. Programu za kuzifungulia zipo za bure, 3D Slicer ikiwa mojawapo. Hospitali zilizounganishwa kwenye tiba mtandao zizitume huko huko.

La pili linahitaji maelezo kidogo, na kwangu mimi ndilo lenye faida kubwa zaidi. Wagonjwa wengi wa saratani ya titi wanaotufikia wako hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo wanapigwa CT ya kifua na tumbo kuangalia kama ugonjwa umesambaa. CT hiyo huchelewesha picha hadi sekunde kama 70 baada ya dawa kuingia, wakati ini linapong'aa vizuri. Mishipa ya ateri hung'aa mapema zaidi, karibu nusu ya muda huo. Maana yake, kwa sindano ile ile na kontrasti ile ile, tunaweza kupita mara moja chini ya tumbo dawa ikiwa kwenye ateri, kisha tukasubiri na kupiga picha za ini kama kawaida. Kinachoongezeka ni sekunde chache na dozi ya mionzi ya ziada, ya milisivati chache. Hata picha zile za kawaida, zikihifadhiwa nyembamba, mara nyingi zinaonyesha vishipa vikubwa vya kutosha kumsaidia daktari. Zimeshatumika hivyo kwingine duniani.

Dozi hiyo ya ziada siidharau. Isitolewe kwa kila mtu kiholela. Kinachotakiwa ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya kuombea kipimo, daktari aweke alama: mgonjwa huyu anafikiria kujengewa titi, ndiyo au hapana. Ili kisanduku kijazwe, lazima mtu amuulize mgonjwa. Nadhani hapo ndipo penye mapinduzi madogo, kwa sababu leo wanawake wengi wanakatwa titi bila kuambiwa kwamba kuna jambo linaloitwa kujengewa. Ujenzi wenyewe unaweza kuja baadaye sana, baada ya kemo na mionzi kwisha na ngozi ya kifua kutulia. Mishipa ya tumbo haihami. Picha iliyopigwa mwaka jana bado ina thamani, isipokuwa kama tumbo limefunguliwa tena katikati au mwili umebadilika sana.

Najua jibu la haraka mtakalopewa na washauri wenu. Kwamba nchi ambayo wanawake bado wanachelewa kugunduliwa, ambayo foleni ya mionzi ni ndefu, haina nafasi ya kufikiria matiti mapya. Naliheshimu jibu hilo. Kama ningeambiwa nichague kati ya kumgundua mama hatua ya kwanza na kumjengea mwingine titi, ningechagua kugundua, bila kusita. Lakini hakuna anayetuomba tuchague. Waraka wa kuhifadhi picha hauchukui hata shilingi kutoka kwenye uchunguzi wa mapema. Kisanduku kwenye fomu hakirefushi foleni ya mionzi kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road. Halafu tusisahau kwamba woga wa kukatwa titi ni sehemu ya sababu za kuchelewa. Tunaowaona chumbani wanatusimulia: aliambiwa akatwe, akaenda kwa mganga wa mitishamba, akaenda kwenye maombi, akarudi uvimbe umepasuka. Sidai kwamba kila mmoja wao angekubali kisu kama angejua titi linaweza kujengwa. Baadhi wangekubali.

Mama mmoja tuliyempiga picha alikuwa amejaza sidiria sponji ya kuoshea vyombo, imekatwa duara kwa mkasi, imeshonewa ndani ya kipande cha khanga. Mshono wa mkono, safi sana. Alipoitoa ili tumpige alituomba tusiiweke chini. Alikuwa amekaa hivyo miaka kadhaa, anafundisha shule ya msingi, na watoto wa darasa lake hawajui. Nilimuuliza kama aliwahi kuelezwa kuhusu upasuaji rekebishi. Akasema, "Mwanangu, mimi niliambiwa nishukuru nipo hai." Anashukuru, na sponji anaivaa kila siku.

Niseme pia mipaka ya kipimo, msije mkauziwa muujiza. CT haimfanyi daktari wa kawaida kuwa bingwa wa upasuaji wa hadubini. Kuunganisha mshipa wa milimita mbili nyuma ya ubavu kwa uzi mwembamba kuliko unywele ni ujuzi wa miaka, na wenye nao nchini ni wachache. Picha nzuri haizuii damu kuganda kwenye maungio usiku wa kwanza, saa ambayo anatakiwa muuguzi makini wa kukagua rangi na joto la titi jipya kila saa. Mwenye figo mbovu au mzio wa kontrasti hatumpigi. Huyo anafaa ultrasaundi ya rangi mikononi mwa mtu mwenye subira, pamoja na Doppler ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikilizia damu inavyopita kwenye mshipa. Na hapa angalizo kwa wanaonunua: Doppler ya wodi ya wazazi, ya kusikilizia moyo wa mtoto, si hiyo. Ya vishipa hivi ni ya megahezi 8. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kinakusikilizisha sauti tu. Hakikuonyeshi kishipa kimepitaje ndani ya msuli, na wakati mwingine kinakudanganya kwa sauti ya mshipa mwingine ulio chini yake.

Kwa mantiki hiyo hiyo, tafadhali msitangaze kwamba kila hospitali ya mkoa sasa itajenga matiti. Hilo litatuletea vifo na aibu. Upasuaji ubaki kwenye vituo vichache vyenye mabingwa, wauguzi waliofunzwa na hadubini ya upasuaji, mahali kama Muhimbili na hospitali za kanda zitakazokuwa tayari. Kinachoweza kusambazwa ni picha. Mwanamke wa Sumbawanga au Kigoma hana sababu ya kusafiri hadi Dar es Salaam kupigwa picha, kurudi nyumbani kusubiri, kisha kusafiri tena kukatwa. Apigwe mkoani kwake, picha ziende, timu izisome, aambiwe kwa simu kama tumbo lake linafaa au atafutiwe njia ya mgongo. Wapo ambao picha itawaambia hapana. Kwa mtu anayeuza mbuzi ili apate nauli, hapana iliyosemwa mapema ni msaada. Wapo pia ambao picha itaonyesha doa kwenye ini ambalo hakuna aliyelijua, na hapo mpango wote unabadilika kabla hajapasuliwa bure.

Mnapoandaa kambi za madaktari bingwa, jambo ambalo nalisifu kwa dhati, wekeni sharti kwamba picha za wagonjwa wa upasuaji rekebishi ziwafikie mabingwa wiki mbili kabla. Nimeona kambi ambako bingwa anakutana na picha asubuhi ile ile ya upasuaji, amesimama, chai mkononi, filamu ameinua dirishani.

Sasa bima. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tangu kelele za kitita kipya cha NHIF mwaka 2024, kila mtu anajua kwamba neno moja kwenye kitita linaamua nani atibiwe. Naomba maneno mawili yaandikwe kwa lugha isiyohitaji wakili. Kwamba kujenga upya titi lililoondolewa kwa saratani ni sehemu ya matibabu ya saratani, si urembo. Na kwamba CT ya mishipa ya kupanga upasuaji huo inalipiwa pale bingwa wa upasuaji rekebishi anapoiomba, bila mgonjwa kuzungushwa kutafuta kibali ofisi hadi ofisi. Marekani walilazimika kulitungia sheria mwaka 1998: bima inayolipia kuondoa titi lazima ilipie na kulijenga, kurekebisha la pili lifanane, pamoja na matiti ya bandia ya kuvaa. Hatuhitaji sheria mpya. Aya moja inatosha.

Neno urembo lina tabia ya kufunga mijadala. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura akifanyiwa upasuaji hakuna anayesema anarembwa. Aliyeungua moto, shingo ikajikunja na kovu, akinyooshwa hakuna anayesema anarembwa. Titi likishaingia kwenye maongezi sauti zinabadilika, na mara nyingi wanaozibadilisha ni wanaume wenzangu. Kwenye kikao kimoja nilisikia mtu mzima akiuliza, "Kwani ana miaka mingapi, bado anataka kuolewa?" Hakuna aliyemjibu, na mimi pia nilinyamaza kwa sababu ya cheo chake. Namjibu hapa: swali hilo halimo kwenye fomu ya CT.

Gharama ipangwe na wanaojua kupanga, lakini wasisahau kuweka upande wa pili wa mizani saa ya thieta, lita za damu, dawa za usingizi, na siku za wodini za mgonjwa ambaye sehemu ya titi jipya imekufa na inabidi ikatwe tena. Kontrasti, kanula na sirinji za pampu ndizo gharama halisi za kipimo. Mashine inawaka tu, imeshalipiwa. Pampu ikikosa sirinji zake kipimo hiki hakifanyiki, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi kusukuma mililita 4 kila sekunde kwa mwendo ulio sawa. Kwa hiyo kwenye manunuzi, sirinji za pampu ziagizwe pamoja na kontrasti, kwenye oda moja. Zikija moja bila nyingine ni kama hazikuja.

La mwisho ni mafunzo, na sizungumzii warsha za hotelini. Chukueni wataalamu wawili wa mionzi kutoka kila kanda na daktari mmoja wa radiolojia, waketi wiki mbili na timu ya upasuaji rekebishi. Asubuhi wasome picha, mchana waingie thieta wakaone kama kishipa walichokiandikia milimita 1.8 kipo pale walipokisema. Hakuna mtihani mkali kuliko huo. Na daktari wa upasuaji naye aje chumba cha CT aone kwa nini siku nyingine picha inatoka mbaya: mgonjwa alipumua, kanula ilihama, khanga haikufunguliwa. Baada ya hapo andikeni utaratibu mmoja wa nchi nzima, ili picha ya Mtwara isomeke Mwanza bila mtu kupiga simu kuuliza kitovu kiko wapi.

Nimewaandikia hadharani kwa sababu mambo haya yanahitaji saini zaidi ya moja, na nikiyapitisha ngazi kwa ngazi kila ofisi itaniambia yapo kwa mwenzake. Wizara inaweza kutoa waraka wa picha na kubadilisha fomu. NHIF inaweza kuandika aya. Waganga Wafawidhi mnaweza kununua diski wiki hii bila kungoja yeyote, na kumwagiza mhudumu wa CT asifute.

Mkitaka kuona kipimo chenyewe kabla ya kuamua, tumeni mtu wenu katika hospitali yoyote ya mkoa yenye CT na pampu inayofanya kazi. Aje mchana, foleni ya dharura ikipungua, na aje na bingwa mmoja wa upasuaji. Kipimo, kuanzia kanula hadi karatasi ya anuani za vishipa, kitawachukua chini ya saa mbili.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa mionzi, hospitali ya rufaa ya mkoa